Umehamia Tanga: mwongozo kamili wa kujiunga na kanisa na kuwa mwanajumuiya

Mgeni wa Tanga hukumbuka kanisa mara tatu: mtoto akitaka kubatizwa, harusi ikikaribia, na msiba ukibisha hodi. Mara zote tatu ataulizwa kwanza swali lile lile: "Unasali jumuiya gani?", yaani kikundi kidogo cha kaya za mtaa mmoja zinazosali pamoja. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuwa na jibu mapema, wakati hana shida yoyote.

Nawaandikia wanaokuja kwa ajili ya kazi za bandari, viwanda vya saruji, Hospitali ya Bombo, shule na vyuo, na sasa bomba la mafuta linalotoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani. Mimi ni Mkatoliki, katibu wa jumuiya huku Makorora, kwa hiyo mifano mingi itatoka upande huo. Pale ambapo wenzetu wana utaratibu wao nitasema.

Kwanza, kwa nini ujisumbue

Ukiwa Rombo, Kyela au Muleba, ukoo unafanya kazi nyingi bila wewe kuziona. Mama akijifungua kuna shangazi wa kumkandia maji. Mtu akifariki, wa kuchimba kaburi wanajulikana. Ukipanga chumba Mikanjuni, shangazi yuko mbali kwa safari ya basi ya kutwa nzima, na wajomba wanapatikana kwenye simu tu. Jumuiya ndiyo inayoshika nafasi hiyo.

Na kwenye pwani hii hilo si jambo jipya. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipoanza kazi Bagamoyo mwaka 1868, waumini wao wa mwanzo walikuwa watu waliokombolewa utumwani, wengi wao watoto, waliotenganishwa na kwao kiasi kwamba hawakuwa na pa kurudi. Huku kwetu, Lutindi, milimani wilayani Korogwe, wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifungua makao ya watoto wa namna hiyo mwaka 1896. Leo pale ni hospitali ya magonjwa ya akili. Kanisa lilianza hapa likiwa ukoo wa watu wasio na ukoo. Mtumishi aliyehamishiwa Tanga hajafikia hali ile, lakini akiugua usiku wa manane atajua anafanana nao kidogo.

Kuna na faida nyingine ambazo watu huona aibu kuzitaja: chumba cha kupanga chenye maji ya uhakika, fundi asiyekimbia na hela yako, dada wa kazi anayefahamika kwao, taarifa ya nafasi ya kazi kabla haijabandikwa. Mimi sioni ubaya. Ubaya ni kuja kwa ajili ya hayo peke yake, na watu hulijua hilo upesi.

Hatua ya 1: Fuata karatasi zako kabla hujapanda basi

Nenda ofisi ya parokia, usharika au kanisa ulikotoka uombe barua ya utambulisho inayosema wewe ni nani, umeshiriki jumuiya gani, una ndoa ya aina gani na unahamia wapi. Chukua na cheti cha ubatizo, cha kipaimara na cha ndoa kama unavyo. Kama cheti kilipotea, jina lako bado limo kwenye daftari la parokia ulikobatizwa. Wape mwaka, jina la baba na mama, na la msimamizi, watalitafuta. Ni rahisi zaidi ukiwa huko kuliko kumtuma mdogo wako miaka 6 baadaye wakati paroko amebadilika na katibu naye kabadilika.

Wasabato wana njia yao. Kwao barua haibebwi mkononi na muumini: karani wa kanisa unalohamia ndiye anayeandika kuiomba kwa kanisa ulilotoka, kisha jina lako linasomwa mbele ya washiriki na kupigiwa kura. Msabato aliyehamia Tanga aanzie kwa karani wa huku.

Umeshahama bila barua? Usikae nyumbani kwa sababu hiyo. Anza kusali, na barua itafuata kwa simu na kwa subira.

Hatua ya 2: Chagua kanisa la karibu na unakolala

Hapa nina msimamo na sitauficha. Mtu anakaa Pongwe, lakini kila Jumapili anapanda daladala kwenda kusali Misa kanisa kuu la Mtakatifu Anthony kwa sababu kwaya ya kule inaimba vizuri. Misa ni ile ile, na kwaya kweli inaimba. Ila siku mtoto wake akilazwa Bombo, wanaojua sura yake wako mjini na hawajui nyumba yake, na majirani zake wa Pongwe hawajui hata kama ni Mkristo.

Kwa Wakatoliki suala hili lina sheria yake: parokia kwa kawaida ni ya eneo, na anayekaa ndani ya mipaka yake ni wa parokia hiyo. Kanuni ya 102 inasema ukikaa mahali miezi 3, au ukifika na nia ya kukaa muda huo, tayari una makazi ya muda pale. Huhitaji kungoja "nikishatulia". Walutheri wa Tanga wako chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki yenye makao yake Lushoto, na usharika wao umegawanywa katika mitaa na jumuiya. Waanglikana wako chini ya Dayosisi ya Tanga yenye makao Korogwe. Ukiuliza mtu yeyote mwenye duka jirani, hata kama ni Mwislamu, atakuonyesha Wakristo wa mtaa huo wanakokusanyika. Watu wa Tanga wanajuana.

Kama hujui kabisa uende kanisa gani, hudhuria mahali pawili au patatu kwa mwezi mmoja, kisha amua. Anayezunguka mwaka mzima ameshaamua, ila hajajiambia.

Hatua ya 3: Jitambulishe mara mbili

Mara ya kwanza ni ofisini. Fika siku ya kazi, si dakika 5 baada ya Misa ya pili wakati katekista amezungukwa na watu. Utaandikishwa na pengine kupewa namba ya bahasha ya zaka.

Mara ya pili, na ndiyo yenye uzito, ni kwenye jumuiya. Omba ofisini namba ya simu ya mwenyekiti wa jumuiya ya mtaa wako, umpigie, uende kwake. Salamu inakutangulia: kwa Wakatoliki ni "Tumsifu Yesu Kristo", na hujibiwa "Milele na milele, amina", kwa Walutheri na Wapentekoste utasikia "Bwana Yesu asifiwe", nawe unajibu "Amina". Kama mwenyekiti ni mama mtu mzima, shikamoo haipungui kwa kuwa mmeshataja jina la Yesu. Tanga wanaangalia sana adabu.

Kwa Wapentekoste kundi hili huitwa kanisa la nyumbani au jina jingine la namna hiyo, na kiongozi wake anawajibika kwa mchungaji. Kazi yake haina tofauti kubwa na ya jumuiya.

Hatua ya 4: Miezi ya mwanzo ndani ya jumuiya

Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1976 waliamua kuwa kujenga jumuiya ndogondogo ndiyo kazi ya kwanza ya uchungaji. Kwa lugha ya mtaani maana yake ni hii: padre mmoja mwenye waumini maelfu hawezi kujua nani hajala, lakini kaya 15 zinazosali pamoja zinaweza.

Sisi husali Jumamosi saa 12 asubuhi, kabla watu hawajaenda sokoni. Nyingine husali Jumatano au Alhamisi jioni. Tunazunguka nyumba kwa nyumba. Kuna wimbo, sala, Injili ya Jumapili inayokuja, tafakari, maombi, sadaka kidogo, kisha matangazo. Mgeni huona matangazo kuwa ni mkia wa ibada. Mimi ningesema usikilize hapo kuliko kwingine kote, maana ndipo inapotajwa nani anaumwa, nani amefiwa, mtoto wa nani amekosa ada, na zamu ya usafi wa kanisa imeangukia kwa nani.

Mara ya kwanza utaombwa ujitambulishe. Sema jina, ulikotoka, kazi, nyumba unayokaa na familia yako. Usihutubie. Usianze kueleza jinsi jumuiya yenu ya Moshi ilivyokuwa na mpangilio kuliko hii. Hiyo ndiyo njia fupi ya kubaki mgeni kwa miaka.

Kwenye tafakari, sema sentensi mbili zitokazo kwenye maisha yako. Kila jumuiya ina mzee anayehubiri nusu saa. Mvumilie, usimwige.

Zamu ya kusali kwako itafika, na hapa wengi hukimbia, hasa wanaokaa chumba kimoja. Wanaogopa viti. Tandika mkeka uani, mwombe mwenye nyumba ruhusa mapema, weka meza ndogo yenye kitambaa cheupe, msalaba na mshumaa, imetosha. Chai si lazima. Kuna jumuiya ambazo mashindano ya chai na maandazi yaliwafukuza maskini kimyakimya, hadi ikabidi zikubaliane kwamba mwenye zamu atoe maji ya kunywa tu. Kama jumuiya yako haijafika hapo, wewe mgeni mwenye mshahara usiwe wa kupandisha bei.

Ukikosa, toa taarifa. Ujumbe mfupi kwa katibu kwamba uko zamu ya usiku unamwezesha kujibu wakiuliza. Asiyetoa taarifa huhesabiwa mtoro, na wa zamu halali huchanganywa naye.

Hatua ya 5: Shika kazi moja

Ndani ya mwaka wa kwanza utaitwa pote: kwaya, vyama vya Wakatoliki (WAWATA kama ni mama, UWAKA kama ni baba, VIWAWA kama ni kijana), Legio ya Maria, ualimu wa Utoto Mtakatifu, kamati ya ujenzi. Chagua moja. Kwaya ina utamu wake, lakini ina mazoezi siku kadhaa kwa wiki, sare na safari, na mwenye mtoto mchanga aulize ratiba kabla ya kushona kitenge.

Nikiulizwa, mgeni asiyejua aanzie wapi aanze na kazi isiyopiganiwa: kufagia kanisa, kumpelekea Komunyo mgonjwa pamoja na mhudumu, kuandika daftari la mahudhurio. Kazi hizi hukukutanisha na watu mmoja mmoja.

Hatua ya 6: Pesa

Watu huacha jumuiya kwa sababu ya pesa kuliko sababu nyingine yoyote ninayoijua, na wengi hawasemi. Wanaacha tu kuja.

Yapo mafungu kadhaa, na kuyachanganya ndiko kunakoleta manung'uniko. Sadaka ni ya kila ibada, na kiasi ni siri yako na Mungu. Zaka huwekwa kwenye bahasha na kuandikwa kwenye kadi yako. Mchango wa jumuiya ni wa mambo ya jumuiya: mgonjwa, mfiwa, turubai. Ahadi ni ile unayoitamka kwa ujenzi au kwa jambo maalumu, na ukishaitamka inakudai. Kwa Walutheri kuna pia mnada baada ya ibada, ambapo mayai, ndizi au kuku waliotolewa sadaka hunadiwa pale nje. Yai moja linaweza kununuliwa, likarudishwa, likanadiwa tena. Ni burudani kweli, nenda na noti ndogondogo.

Kaa na mwenzio mwanzoni mwa mwaka mpange kiasi cha mwaka mzima, mkigawe kwa miezi. Likija jambo nje ya hapo, sema wazi: "Mwezi huu nina elfu tano, sina zaidi." Itapokelewa. Kinachoudhi ni kuahidi laki moja mbele za watu kisha kuzima simu. Aliyeishiwa kabisa alete mikono yake. Kwenye msiba wa watu mia mbili, mtu wa kuosha sufuria ana thamani kuliko aliyetuma elfu kumi akabaki nyumbani.

Nawe una haki ya kuuliza. Zaka iandikwe kwenye kadi mbele yako. Ukilipa kwa simu, angalia jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri: liwe la parokia au usharika, lisiwe la mtu. Mweka hazina wa jumuiya asome mapato na matumizi mbele ya wote, na akikasirika kuulizwa, muda wa uchaguzi umefika. Mtu akikuuzia maombi, mafuta au maji kwa bei iliyopangwa, ondoka, hata kama kanisa lake liko karibu na unakolala.

Hatua ya 7: Ugonjwa na msiba

Mtu akilazwa, mpigie mwenyekiti au katibu siku hiyo hiyo. Usisubiri "tuone hali". Taja wodi. Watapanga wa kwenda saa za kuona wagonjwa, maana wakienda wote 20 muuguzi atawatoa, na watamwita padre kwa mpako wa wagonjwa wakati mgonjwa bado anaweza kusema amina. Wewe usipouguza, uwe kati ya wanaokwenda. Peleka uji au sabuni, kaa dakika chache, sali kwa sauti ndogo, ondoka. Usisimulie habari za mtu aliyekufa kwa ugonjwa huo huo, jambo ambalo watu wazima wenye akili zao hulifanya kila wiki.

Kwenye msiba utaratibu uko hivi. Familia inamjulisha mwenyekiti, mwenyekiti anamjulisha paroko au mchungaji na kupanga sala za jioni nyumbani hadi siku ya maziko. Wanajumuiya wanaleta turubai, viti na sufuria. Jumuiya nyingi zina vyao au zinajua pa kukodi kwa bei ya wenyewe. Kina mama wanaingia jikoni, wanaume wanashughulikia mochwari, jeneza na usafiri, mmoja anashika daftari la rambirambi. Mgeni wa Tanga aamue mapema na familia kama atazikwa hapa au atasafirishwa, kwa sababu kusafirisha mwili hadi Kagera au Mbeya ni gharama inayoweza kuacha deni la miaka. Kuzikwa Tanga hakuna aibu yoyote.

Sasa lile swali linalonong'onwa: je, asiyesali jumuiya atazikwa na Kanisa? Sheria ya Kanisa Katoliki, kanuni ya 1184, inawataja wanaonyimwa mazishi ya Kanisa wasipoonyesha toba: walioasi imani waziwazi, waliochagua kuchomwa mwili kwa kuipinga imani, na wadhambi wa wazi ambao kuzikwa kwao kungewakwaza waumini. Risiti ya zaka haimo. Lakini katekista akifika nyumbani kwa marehemu, akiuliza alisali wapi, na majirani watatu wakatazamana, utaona jinsi maandalizi yanavyokuwa mazito. Sipendi marehemu aadhibiwe kwa uzembe wake, na nimeshalisema hilo kikaoni. Hata hivyo sijui namna ya kuwalazimisha watu wakeshe kwa ajili ya mtu ambaye hawajawahi kumwona.

Hatua ya 8: Ubatizo na ndoa

Hapa ni haraka. Barua ya jumuiya, vyeti vya wazazi, semina, na msimamizi. Msimamizi wa ubatizo kwa Wakatoliki awe ametimiza miaka 16, awe na kipaimara, anaishi imani, na asiwe baba wala mama wa mtoto. Rafiki wa kazini mwenye gari nzuri asiyekuwa na kipaimara atakaa benchi la nyuma kama wageni wengine.

Ndoa ianze miezi 6 kabla. Cheti cha ubatizo kitatakiwa kipya kutoka parokia ulikobatizwa, hata kama una cha zamani kwenye fremu, kwa sababu kwenye daftari la kule ndiko ingeandikwa kama uliwahi kufunga ndoa nyingine. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka notisi ya siku 21. Matangazo ya Dominika tatu kanisani huenda sambamba nayo. Chapisha kadi za mchango baada ya tarehe kukubaliwa na paroko, si kabla.

Majirani Waislamu

Tanga Waislamu ni wengi, na familia nyingi za Wabondei na Wasambaa zina dini zote mbili chini ya paa moja. Usishangae kukutana na mzee wa kanisa anayeitwa Ramadhani: Kanisa Anglikana Tanzania lenyewe liliongozwa na Askofu Mkuu John Ramadhani kuanzia 1984 hadi 1998.

Kwa hiyo, ukiwa na kipaimara au harusi, mwombe jirani Mwislamu achinje, ili kila atakayekuja ale. Mwezi wa Ramadhani, jumuiya za jioni zisogeze saa zisigongane na futari, na vipaza sauti vipumzike. Msiba wa jirani Mwislamu ni msiba wako: maziko yao huwa ya haraka, kwa hiyo ukisikia, nenda muda huo huo. Watakuja kwako pia, na watakuja kabla ya baadhi ya wanajumuiya.

Wanaosita

Mfanyakazi wa zamu atafute jumuiya ya siku nyingine ndani ya kanda ile ile (kundi la jumuiya jirani), kwa kukubaliana na wenyeviti wote wawili, asiwe na jumuiya mbili za kujificha. Mwanafunzi ajiunge na umoja wa wanafunzi chuoni, na likizo asali kwao.

Aliyegombana na mtu ndani ya jumuiya aongee kwanza na mhusika, akishindwa amwone mwenyekiti, kisha viongozi wa kanda, ndipo paroko. Kuruka ngazi hukuza jambo dogo. Kwenye kundi la simu usiandike neno lolote la ugomvi. Litasafiri hadi Lushoto kabla hujalifuta.

Na wapo wengi wanaokaa pamoja bila ndoa ya kanisa, wana watoto, na wanakwepa jumuiya kwa kuogopa kuulizwa. Jumuiya haiwafungii mlango: mnasali, mnachangia, mnazika, watoto wanafundishwa, ingawa Komunyo inasubiri. Msianze kujieleza mbele ya watu wote Jumamosi. Mwoneni katekista au paroko peke yake, mkiwa wawili, mwambieni mlipo na kinachokwamisha, kama ni mahari, wazazi, au ndoa ya zamani ya mmoja wenu. Mahari iliyobaki mara nyingi huzungumzika padre akiandika barua kwa wazazi. Ndoa ya zamani ni kesi nyingine, ina utaratibu wake wa jimbo na inachukua muda, kwa hiyo pelekeni vyeti vyote siku ya kwanza, pamoja na vile mnavyoona havina umuhimu.